Rangi ya kudumu kwa sakafu ya zege ya zamani: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya yanahusu sakafu ya zege iliyokwisha kutumika miaka mingi: ya gereji, stoo, karakana, ghala dogo au chumba cha chini ya nyumba. Mwenyewe anataka kuipaka kwa rola na anataka rangi ikae. Aina ya rangi ina uzito wake, ila rangi nyingi zinazobanduka zilikuwa nzuri tu. Zilipakwa juu ya unyevu, mafuta au zege laini. Ndiyo maana sehemu kubwa ya majibu inaishughulikia sakafu yenyewe, kabla kopo halijafunguliwa.

## Kwa kifupi, ninunue rangi gani?

Inategemea mambo matatu: kama unyevu unapanda kutoka ardhini, kama zege limekwisha kupakwa kitu, na nini kitapita juu yake (miguu, mikokoteni, matairi, kemikali, jua).

Sakafu ikiwa kavu, ngumu na iko ndani ya jengo, chaguo letu la kwanza ni epoksi ya makopo mawili yenye yabisi asilimia 100 (haina maji wala kiyeyushi cha kuruka), mikono miwili, yaani ipakwe mara mbili. Jua likiifikia kupitia mlango au dirisha, mkono wa mwisho uwe poliurethani ya alifatiki (aina isiyogeuka njano juani) au poliaspatiki. Stoo inayopitwa kwa miguu tu inatoshwa na epoksi ya maji, mradi nayo iwe ya makopo mawili. Sakafu inayopandisha unyevu mwingi isipakwe rangi ya kawaida ya aina yoyote. Njia zake tumezieleza hapo chini.

## Aina hizi zinatofautianaje?

Epoksi ni resini (kopo la rangi yenyewe) na hadena (kopo la kuigandisha) zinazoungana kikemikali. Hushika zege kuliko zote, huziba vitundu, na hustahimili mafuta, grisi na uzito. Udhaifu wake ni jua: hugeuka njano, kisha uso wake hutoa unga. Pia mikwaruzo huonekana haraka.

Poliurethani hupakwa nyembamba, kwa kawaida mikroni 50 hadi 75 kwa mkono (mikroni 1,000 ni milimita 1), na haina nguvu kubwa ya kujaza mashimo wala kushika zege tupu. Kazi yake ni kukaa juu ya epoksi na kupokea mikwaruzo na jua. Hakikisha lebo inasema alifatiki. Ile ya aromatiki nayo hugeuka njano.

Poliaspatiki hukauka ndani ya saa chache na haiogopi jua. Ndiyo maana mafundi wanaotakiwa kumaliza gereji kwa siku moja huipenda. Lakini muda wa kuifanyia kazi ni mfupi, mara nyingi dakika 15 hadi 30, na hewa yenye unyevu huufupisha zaidi. Mtu mmoja akiianza sakafu kubwa kwa mara ya kwanza atafika katikati mwanzo ukiwa umeshakaza, na alama za rola zitabaki hapo daima.

Akriliki ya kopo moja ni rahisi kupaka na huruhusu mvuke kiasi kupita, lakini chini ya matairi haidumu. Inafaa kwa sakafu ya miguu ambayo hutajali kuirudia.

Rangi ya mafuta ya milango na madirisha usiipake kwenye zege. Zege lina alkali, na unyevu ukiwepo alkali hiyo huyageuza mafuta ya rangi kuwa sabuni. Rangi inalainika kutoka chini na kutoka kama ngozi.

## Kopo limeandikwa "epoksi" lakini ni moja tu. Ni epoksi kweli?

Mara nyingi ni akriliki iliyotiwa epoksi kidogo. Hukauka kwa maji kuruka, bila kuungana kikemikali na hadena. Si rangi mbaya, ila usitegemee ifanye kazi ya ile ya makopo mawili.

## Asilimia ya yabisi ina maana gani, na nitahesabuje lita?

Yabisi ni kile kinachobaki sakafuni baada ya maji au kiyeyushi kuruka. Rangi yenye yabisi asilimia 50 hupoteza nusu ya unene wake ikikauka. Yenye asilimia 100 hubaki yote.

Hesabu ni nyepesi: lita 1 iliyotandazwa kwenye mita 1 ya mraba ina unene wa mikroni 1,000. Kwa hiyo chukua unene wa rangi mbichi kwa mikroni, gawa kwa 1,000, zidisha kwa mita za mraba. Hizo ndizo lita. Sakafu ya mita za mraba 30 inayotakiwa kuwa na mikroni 250 baada ya kukauka itahitaji lita 7.5 za epoksi ya yabisi 100. Ukitumia ya asilimia 50, utahitaji lita 15, na huwezi kuzimwaga kwa mkono mmoja: unene mbichi wa mikroni 500 wa rangi ya maji hufunga juu huku chini kukiwa bado na maji. Itakuwa mikono minne au mitano.

Linganisha makopo kwa njia hii, wala usitazame idadi ya lita peke yake. Kopo linalotamba kwamba lita 1 inatosha mita 10 za mraba, na yabisi yake ni asilimia 50, linakuachia mikroni 50 tu. Huo ni wembamba usiofika unywele.

Kwa mkono wa kwanza juu ya zege la zamani lililosagwa, ongeza asilimia 10 hadi 20. Zege hilo hunywa.

## Nitajuaje kama zege lina unyevu?

Kuonekana kavu si ushahidi. Sakafu nyingi za zamani zilimwagwa bila nailoni chini yake, kwa hiyo mvuke wa ardhini hupanda siku zote na kuruka hewani bila mtu kuuona. Ukiziba uso kwa rangi, mvuke unakosa pa kutokea na kukusanyika chini yake.

Kata vipande vya nailoni nene yenye kupenya mwanga, kila kimoja sentimita 45 kwa 45. Bandika kingo zote nne kwa utepe imara, pasibaki hata upenyo mdogo. Weka kimoja katikati, kimoja karibu na ukuta wa nje, kimoja mahali palipo chini kuliko kwingine. Acha saa 16 au zaidi, sehemu isiyopigwa na jua. Ukifunua, tazama vitu viwili: matone upande wa ndani wa nailoni, na zege lililo chini kama limekuwa jeusi kuliko la pembeni. Kimojawapo kikiwepo, unyevu upo.

Kipimo hiki husema unyevu upo. Hakisemi ni kiasi gani, na kikitoka kikavu hakithibitishi kwamba sakafu itakuwa kavu msimu wa mvua. Sakafu ikiwa kubwa, au kazi ikiwa ya kulipiwa, mwite mtu mwenye vipimo vya ndani ya zege: hutoboa tundu hadi asilimia 40 ya kina cha zege, kama linakauka upande mmoja tu, na kusoma unyevunyevu humo ndani. Kisha soma karatasi ya maelezo ya rangi uone kikomo chake. Nyingi huweka kikomo kati ya asilimia 75 na 85.

Dalili nyingine usizipuuze: unga mweupe wa chumvi, hasa karibu na kuta na nyufa. Chumvi hiyo imeletwa juu na maji.

## Unyevu upo. Nifanye nini?

Kwanza tafuta unatoka wapi. Bomba la paa linalomwaga maji ukutani, udongo wa nje ulioinuka kuliko sakafu, au bomba linalovuja hurekebishwa nje, wala si kwa rangi.

Ukiwa ni mvuke wa ardhini, una njia mbili. Ya kwanza ni praima (rangi ya msingi) ya epoksi iliyotengenezwa mahsusi kuzuia mvuke, ipakwe kwa unene kamili ulioandikwa, juu ya zege lililosagwa. Ukipunguza unene ili kuokoa lita, umeitupa. Ya pili ni kuacha kupaka rangi kabisa na kutumia kigumishaji cha silikati ya sodiamu au lithiamu. Hiki huingia ndani ya zege, huungana na chokaa iliyomo na kuzidisha ugumu wa uso. Vumbi hupungua sana, mvuke unaendelea kupita, na hakuna kitu cha kubanduka. Hakikupi rangi wala hakizuii madoa ya mafuta, lakini kwa chumba cha chini chenye unyevu wa kudumu ndicho tunachokipendekeza bila kusita.

Maji yakiwa yanasukumwa na kuonekana kabisa, usipake chochote hadi yadhibitiwe.

Angalizo moja: dawa za kuzuia maji zenye silikoni au siloksani huingia ndani na kufanya zege likatae maji. Zikishapakwa, karibu kila rangi itakayofuata itakosa pa kushika.

## Kusafisha kwa asidi kunatosha, au ni lazima nisage?

Saga kama unaweza. Rangi ya sakafu inahitaji uso uliokwaruzwa, ambao ukipitisha kiganja unahisi kama msasa wa namba 80 hadi 120. Grainda yenye kisahani cha almasi, au mashine ya kusaga sakafu yenye almasi za namba 30, inaondoa uso laini uliokufa, rangi ya zamani, nta na utando dhaifu wa saruji, yote kwa mkupuo. Ukiunganisha na mashine ya kuvuta vumbi yenye chujio la HEPA (linalonasa vumbi laini sana), utamaliza kazi sakafu ikiwa kavu.

Asidi hufanya kazi kwenye zege tupu na safi pekee. Haiondoi mafuta, haipenyi rangi wala nta, na inailowesha sakafu uliyokuwa ukiipigania ikauke. Kabla ya kuitumia, mwaga maji kijiko kimoja sehemu kadhaa. Yakizama ndani ya dakika moja hivi, vitundu viko wazi. Yakisimama kama shanga, kuna kitu kimefunika zege na asidi haitakifikia.

Ukilazimika: asidi ya hidrokloriki sehemu 1 kwa maji sehemu 4, au kama lebo inavyosema. Maji huanza kwenye ndoo, asidi hufuata; kinyume chake asidi huruka usoni. Lowesha zege kidogo, mwaga, sugua kwa fagio gumu. Lazima ichemke kwa mapovu kila mahali. Pasipochemka pana mafuta au rangi. Usiiache ikaukie hapo. Suuza, mwaga maji yenye magadi soda ili kuua asidi, kisha suuza mara mbili au tatu huku ukiyakusanya maji yote. Pima maji ya mwisho kwa karatasi ya pH, ya kupima asidi. Yafanane na maji safi ya bomba. Zikiachwa, chumvi za asidi hubaki kama unga na rangi hushika unga huo. Acha sakafu siku kadhaa, kisha rudia kipimo cha nailoni.

## Kuna madoa ya mafuta ya gari. Yataharibu?

Yataharibu, na hapo hapo penye doa. Anza na sabuni ya kuondoa grisi, maji ya moto na brashi ngumu, kisha vuta maji yote badala ya kuyasambaza. Rudia hadi tone la maji lizame. Doa lililoingia ndani linahitaji unga wa kufyonza uliolowekwa kwenye kiyeyushi, ulalie doa usiku kucha ukifunikwa kwa nailoni. Kusaga kuje baada ya hapo. Ukianza kusaga, joto la kisahani litayeyusha mafuta na kuyapaka eneo kubwa zaidi.

Baada ya siku mbili tatu angalia tena, maana mafuta ya chini hupanda polepole. Yakirudi, tumia praima ya epoksi inayostahimili mafuta, au chimba sehemu hiyo na uijaze upya kwa epoksi iliyochanganywa na mchanga.

## Kuna rangi ya zamani. Ni lazima iondoke yote?

Rangi yako mpya itashika kwa nguvu ile ile ambayo ya zamani imeshika zege, si zaidi. Kata alama ya X kwa kisu kikali, mistari ya sentimita 4 ifike kwenye zege. Bandika utepe wenye gundi kali, usugue kwa ukucha, uuvute kwa ghafla. Fanya hivyo sehemu tano au sita, hasa panapopita matairi. Rangi ikitoka zaidi ya kingo za mkato, iondolewe yote. Ikishika kila mahali, isugue kwa msasa wa 80 hadi mng'ao uishe, kisha jaribu mpya kwenye mita 1 ya mraba usubiri wiki moja. Viyeyushi vya baadhi ya rangi huikunja ya chini.

Rangi za zamani sana zinaweza kuwa na madini ya risasi. Peleka kipande kipimwe kabla ya kusaga.

## Chini ya vigae vilivyong'olewa kuna gundi nyeusi. Niisage?

Usiisage, usiipige msasa, usiifagie ikiwa kavu. Gundi nyeusi ya lami ya miaka iliyopita, pamoja na vigae vya plastiki vilivyobandikwa nayo, vinaweza kuwa na asbesto, nyuzi za madini zinazodhuru mapafu. Pima kwanza. Ikithibitika, ni kazi ya wenye ujuzi na vifaa vya asbesto.

## Nyufa, mashimo na viungo nifanyeje?

Ufa usiosogea uchimbe kidogo kwa diski ya almasi ili uwe na kingo imara, vuta vumbi, jaza kwa epoksi nzito, saga usawa. Ufa unaosogea hautashindwa na rangi, utarudi. Ili kuujua, chora mstari wa penseli unaoukatiza ufa katika sehemu mbili, upime upana, uangalie tena hewa ikibadilika kati ya joto na baridi.

Viungo vya kutanuka, vile vilivyoachwa makusudi kati ya mabamba ya zege, visijazwe kwa kitu kigumu. Paka rangi bila kuviziba, kisha vijaze kwa kijazio kinachonyumbuka, cha polyurea au poliurethani.

Pia gonga sakafu kwa nyundo ndogo. Panapolia uwazi pameachana na zege la chini. Pabomolewe na kujazwa. Na kwaruza kwa msumari: zege likimomonyoka kama sukari hata baada ya kusaga, halina nguvu ya kubeba epoksi nene. Epoksi hujivuta ikikauka, itaung'oa uso huo na kuondoka nao.

## Praima ni lazima?

Kwa epoksi ya yabisi 100, mkono wa kwanza mwembamba wa epoksi nyepesi ndio praima. Huingia kwenye vitundu na kutoa hewa iliyomo. Zege la zamani lenye vitundu vingi likikosa praima hupumua ndani ya mkono mzito na kuacha vishimo vidogo vidogo kila mahali. Kwa rangi nyingine fuata mfumo wa mtengenezaji mmoja, usichanganye.

## Nipake saa ngapi ya siku?

Mchana ukielekea jioni, joto likishuka. Zege linapopashwa moto asubuhi, hewa iliyo ndani hutanuka na kupanda, ikitoboa rangi mbichi. Jioni hewa hurudi ndani na kuivuta rangi chini.

Epoksi nyingi zinataka joto la nyuzi 10 hadi 30 la Selsiasi, na hilo ni joto la zege lenyewe, si la hewa. Zege liwe juu ya kiwango cha umande (joto ambalo mvuke wa hewa huanza kuwa matone) kwa angalau nyuzi 3, na unyevunyevu wa hewa usizidi asilimia 85.

## Hatua za kupaka kwa rola ni zipi?

Tayarisha kila kitu kabla ya kuchanganya, maana baada ya hapo saa inakimbia. Unahitaji rola pana ya sentimita 45 yenye manyoya ya milimita 9 au 10 yasiyochomoka, brashi ya kingo, drili ya mwendo wa polepole yenye kichanganyio, ndoo mbili safi, na viatu vya misumari kama utatembea ndani ya rangi mbichi. Izungushie rola mpya utepe wa gundi na uubandue, mara kadhaa, utoe nyuzi zilizolegea.

Vuta vumbi, pangusa kwa kitambaa chenye unyevu kidogo, subiri pakauke. Pitisha kiganja, kikirudi cheupe, vuta tena.

Koroga resini peke yake hadi rangi iliyotuama chini ipande. Tia hadena yote kwa uwiano ulioandikwa. Usipunguze hadena ili upate muda, wala usizidishe ili ikauke haraka: kila molekuli ya resini inahitaji mwenzake, na zinazokosa mwenza hubaki laini milele. Ukigawa seti, pima kwa mizani au kwa chombo chenye alama, ukiangalia kama uwiano ni wa uzito au wa ujazo. Koroga dakika 3 kwa mwendo wa mizunguko 300 hadi 400 kwa dakika, ukikwangua kuta na kona za ndoo. Mimina kwenye ndoo ya pili, koroga dakika moja zaidi.

Sasa mwaga sakafuni mara moja, kama utepe mrefu. Epoksi ikiwa imejaa ndoo hutoa joto, joto linaiharakisha, na ndani ya dakika 20 hadi 40 ndoo inafuka moshi na kuganda. Ikitandazwa joto linatoka na unapata muda zaidi. Usiigeuze ndoo juu chini ili itiririke yenyewe: kilichoshikamana na kuta hakikuchanganyika vizuri, na mahali hapo patabaki pananata.

Paka kingo kwa brashi mita 2 au 3 tu mbele yako. Tandaza kwa kikwanguo cha mpira chenye meno au kwa rola, piga rola ukikatisha mwelekeo wa kwanza, kisha maliza kwa mwelekeo mmoja bila kukandamiza. Tembea kinyumenyume kuelekea mlangoni na usiache ukingo ukauke. Usirudi kurekebisha palipoanza kushika.

Kwa epoksi ya maji kuna mtego: muda wake ukiisha hubaki majimaji ndooni na kupakika kama kawaida, ila haitakuwa na nguvu. Fuata saa, siyo macho.

Mkono wa pili upakwe ndani ya muda ulioandikwa, mara nyingi saa 24. Ukichelewa, sugua kwa msasa wa 100, vuta vumbi, ndipo uendelee.

## Imekauka lakini ina kasoro. Ni nini?

Ukungu mweupe au utando wenye mafuta mafuta: hadena imegusana na unyevu na hewa ya ukaa, kwa kawaida usiku wa baridi. Osha kwa maji ya uvuguvugu na sabuni kabla ya mkono mwingine. Ukipaka juu yake, mkono huo utabanduka.

Vishimo vya duara ambavyo rangi imevikimbia: mafuta au silikoni. Sugua, safisha, paka tena.

Madoa yananata: hayakuchanganyika. Hayatakauka kwa kusubiri. Kwangua yote, safisha kwa kiyeyushi, rudia.

## Kwa nini matairi hubandua rangi?

Gari likitoka safari, matairi ni ya moto. Likiegeshwa, kemikali zinazolainisha mpira wa tairi huhamia kwenye rangi, na tairi likipoa hujikaza huku limeshika. Rangi nyembamba ya kopo moja, au iliyopakwa kwenye uso usiosagwa, inaondoka na tairi. Epoksi nene iliyokomaa kabisa, juu ya zege lililosagwa, huvumilia. Mkono wa juu wa poliurethani au poliaspatiki huongeza kinga.

## Je, haitateleza?

Ikilowa, ndiyo. Nyunyiza mchanga wa kwatsi au oksidi ya alumini kwenye mkono wa kwanza ukiwa mbichi, fagia uliobaki kesho yake, ufunike kwa mkono wa mwisho. Chembe za plastiki zinazochanganywa ndani ya rangi ni laini kwa miguu mitupu lakini hulika mapema chini ya magari. Penye ngazi na mlangoni zidisha.

## Nitaanza kuitumia lini?

Kwa epoksi, katika nyuzi 20 hadi 25: miguu baada ya saa 12 hadi 24, gari baada ya siku 3 au zaidi, kemikali na kuosha kwa nguvu baada ya siku 7. Baridi huongeza siku. Watu wengi huharibu kazi nzuri kwa kurudisha gari siku ya pili.

## Kuna hatari gani kiafya?

Vumbi la zege lina silika inayoumiza mapafu bila tiba. Vaa barakoa ya P3 au yenye uwezo unaolingana nayo, hata kama unavuta vumbi. Hadena ya epoksi huweza kukupa mzio wa ngozi usiokwisha, kwa hiyo vaa glavu za naitraili na mikono mirefu, na ikikugusa osha kwa sabuni na maji, kamwe si kwa thina. Poliurethani na poliaspatiki zina kemikali za isosayaneti zinazoweza kuleta pumu. Fungua milango, na vaa barakoa yenye chujio la mvuke. Viyeyushi na moto haviendi pamoja. Zima hita na majiko.

## Sakafu iliyopakwa imeanza kubanduka. Nijueje sababu?

Chukua gamba moja, uligeuze. Likiwa na unga wa kijivu au tabaka la zege nyuma yake, uso wa zege ulikuwa dhaifu na haukusagwa vya kutosha. Likiwa safi na linang'aa, rangi haikupata pa kushika: uso ulikuwa laini kama kioo, au una nta au mafuta, linuse, mafuta hujulikana. Likiwa na maji au chumvi nyeupe, ni unyevu wa chini. Gamba likitoka kutoka rangi moja juu ya nyingine, mkono wa pili ulichelewa au utando wa hadena haukuoshwa.

Jibu hilo ndilo linalokuambia ununue nini sasa. Kuongeza mkono juu ya sehemu inayobanduka ni kupoteza rangi.

## Nitaitunzaje?

Fagia mchanga mara kwa mara, kwa sababu chembe zake ndizo msasa unaoila rangi. Osha kwa sabuni isiyo na alkali kali. Mafuta ya breki na asidi ya betri yapanguswe papo hapo. Mng'ao ukianza kupotea panapopita watu, na kabla zege halijaonekana, sugua sakafu yote kwa msasa wa 120, vuta vumbi, pangusa, upake mkono mmoja mpya wa juu. Ukisubiri zege lionekane, sehemu hizo itabidi zisagwe na kupigwa praima upya.